Nimesema "pakeni rangi sehemu ya tatu", watoto wakapaka kisanduku cha tatu. Walimu wa Hisabati njooni hapa

#1 ChakiNaVumbi (mleta uzi)

Wanajamvi salaam.

Nafundisha Hisabati darasa la tatu na la nne, shule ya serikali, mkoa wa Morogoro. Darasa la tatu peke yake nina watoto 94, madawati wanabanana wanne wanne. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima, nikaona nililete hapa.

Jumatatu tumeanza mada ya sehemu. Nikachora mstatili ubaoni, nikaugawa visanduku vitatu vilivyo sawa, nikawaambia wachore kwenye madaftari na kupaka rangi sehemu ya tatu. Nikapita nasahihisha. Karibu wote wamepaka kisanduku cha mwisho, cha kulia. Kisanduku kimoja kati ya vitatu, si ndiyo theluthi? Vema, vema, vema, kalamu nyekundu inatiririka.

Jumanne nikachora mstatili wa visanduku sita. Agizo lilelile: paka rangi sehemu ya tatu. Nilitegemea visanduku viwili. Nikakuta darasa zima limepaka kimoja, na wote kilekile, cha tatu kutoka kushoto. Nikamwita binti mmoja mbele, mtoto mwerevu tu, nikamuuliza kwa nini. Akaweka kidole ubaoni: "Moja, mbili, tatu. Si umesema sehemu ya tatu?"

Nikabaki nimesimama na chaki mkononi. Mtoto hajakosea Kiswahili. Redioni wanasema "usikose sehemu ya tatu ya mchezo wetu" na hakuna anayewaza theluthi. Mimi ndiye niliyetumia maneno yenye maana mbili, na Jumatatu nimegawa vema kwa jibu la swali ambalo sikuliuliza.

Sasa sikilizeni cha pili. Siku hiyohiyo, kabla ya kengele, nikawauliza kwa mdomo: "Robo moja ukijumlisha na robo mbili?" Darasa likapasuka: "Robo tatuuu!" Nikageuka ubaoni nikaandika 1/4 + 2/4. Nusu ya madaftari niliyokusanya yameandikwa 3/8.

Watoto walewale, na hesabu ni ileile, hata dakika tano hazijapita.

Nadhani nimeona kinachotokea. "Robo" kwa mtoto ni kitu. Robo tatu inasemwa kama kuku watatu, maandazi matatu. Ukiwa na andazi moja ukaongezwa mawili hujibu "maandazi matatu ya kitu kingine". Ila 1/4 ya ubaoni si kitu, ni namba mbili zimebebana mgongoni, na kila namba mtoto anaijumlisha na mwenzake wa ghorofa yake. Ghorofa ya juu tatu, ya chini nane.

Kwa hiyo nataka niache kabisa kuandika mstari wa kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) kwa wiki mbili za kwanza. Niseme na niandike kwa maneno tu: robo mbili, theluthi mbili, nusu tatu. Shida inakuja hapa: nusu, theluthi na robo majina tunayo. Tano je? Sita, saba? "Tatu ya tano" mtoto anaielewaje? Na "sehemu ya tano" nimeshaapa siitamki tena.

Naomba michango.

#2 Mpita Njia 88

Nimekaa pale kwenye benchi la nyuma, nasubiri wajuvi.

#3 Mzee wa KDS

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi, lakini unajitafutia ugonjwa wa moyo. Nimefundisha darasa la sita na la saba miaka 19. Watoto wakifika kwangu siwaulizi chapati wala chungwa. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote), gawanya kwa asili, zidisha kwa kiasi, jumlisha, rahisisha. Wiki moja wanaimba. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) tuliimba hivyohivyo na leo hata ukiniamsha usiku wa manane nakwambia mabano kwanza.

Mtihani hauulizi mtoto anahisi nini kuhusu robo. Unauliza 2/3 + 1/4 na una majibu ya kuchagua. Kipindi ni dakika 40, watoto 94, ukianza kugawa karatasi kila mtoto kengele imelia. Tuwe wakweli.

#4 Shemeji wa Voi

Hamjambo watani. Nipo upande huu wa mpaka, nafundisha Kiswahili shule ya msingi.

Mleta uzi, majina unayoyatafuta yapo. Sisi tunayafundisha katika kipindi cha Kiswahili, mada inaitwa *akisami*. Nusu, thuluthi, robo, humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumni (1/8), tusui (1/9), ushuri (1/10). Mtoto wa Kenya anayaghani yote kama shairi, na mtihani wa Kiswahili unayauliza.

Cha kusikitisha ni kwamba mtoto huyohuyo akimaliza kipindi changu anaingia cha Hisabati kwa Kiingereza, na hakuna mtu anayemwambia kuwa sudusi aliyoikariri kwangu ndiyo ile iliyo ubaoni kwa mwenzangu. Nilimuuliza mtoto mmoja wa gredi ya tano, sudusi ngapi zinajaza kitu kizima? Akanijibu kwamba hilo si swali la Kiswahili.

#5 ChakiNaVumbi

Shemeji, *akisami* ndiyo kwanza naisikia leo! Huku kwetu vitabu vinasema sehemu tu, juu kiasi, chini asili, basi. Humusi nimewahi kuiona kwenye kamusi, lakini sijawahi kumsikia muuza duka akiitamka.

Mzee wa KDS, shikamoo. Sibishani na KDS, nitaifundisha. Swali langu ni la darasa la tatu. Huyo mtoto anayekuja kwako anaimba, mimi ndiye ninayemwandaa. Kama kwangu ametoka anaamini 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne, wewe utamwimbisha juu ya nini?

#6 MamaPili

Mimi si mwalimu, ni mzazi, na nauza chapati na maharage asubuhi. Naomba niseme kitu maana naona walimu mnapenda sana kututumia sisi wa chapati kwenye mifano bila kutuuliza.

Mtoto wangu wa kwanza anasema "mama naomba nusu kubwa". Kila siku. Na nusu kubwa ipo jamani! Chapati ukiikata kwa mkono hazitoki sawa. Kwa hiyo mwalimu akiingia na chapati akasema hii nusu na hii nusu, mtoto anaona kwa macho yake kuna kubwa na ndogo, anakubali tu kwa sababu mwalimu kasema. Mimi nilipata dawa yake: mmoja anakata, mwingine anachagua kwanza. Ohoo! Siku hiyo mtoto alipima chapati kama fundi cherehani, akaikunja kwanza ncha kwa ncha ndipo akakata. Hapo ndipo alipoelewa sawasawa maana yake nini, na sikumfundisha neno hata moja.

Halafu lingine. Chapati theluthi haikatiki. Jaribuni. Nusu unakunja, robo unakunja tena, nane unakunja tena. Tatu kwenye duara unabahatisha. Walimu acheni kuanza theluthi na kitu cha mviringo.

#7 Mpita Njia 88

Mama Pili umetisha. "Mmoja anakata, mwingine anachagua." Naipeleka nyumbani jioni hii, kuna tikiti maji na ugomvi unanisubiri.

#8 Spanaboi Mstaafu

Na mimi niseme la gereji.

Nilianza kazi ya uspanaboi nimeishia darasa la saba, Hisabati nilikuwa nazipata kwa kubahatisha. Zamani magari mengi ya Kiingereza tuliyotengeneza yalikuwa na nati za inchi, spana zake zimeandikwa 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4. Fundi yuko chini ya gari, mkono tu ndio unaonekana, anasema "leta nusu". Napeleka. "Inapwaya, shuka moja." Hapo ndipo kazi. Kushuka kutoka nusu unakwenda wapi? Mimi nikaona 9/16 na 7/16, nikawaza hizi zina namba kubwa zote, nusu ina moja na mbili tu, kwa hiyo zote ni kubwa kuliko nusu. Nikabahatisha, nikapeleka 9/16. Nikarushiwa.

Baada ya kurushiwa mara kadhaa nikazipanga spana zote chini kwa ukubwa wa mdomo, nikasoma namba zake kwa mstari. 7/16, halafu nusu, halafu 9/16. Nikajiuliza mbona nusu imekaa katikati ya saba na tisa? Kumbe nusu ni 8/16 imevaa nguo nyingine. Na 5/8 ni 10/16, na robo tatu ni 12/16. Siku ile ilinifungukia shule yote ya msingi, mtu mzima wa miaka 17, nimekaa juu ya tairi.

Kwenye mabomba ni hivyohivyo. Mtoto wa fundi bomba anajua bomba la robo tatu ni nene kuliko la nusu. Hawezi kukosea, amelibeba begani.

#9 Mzee wa KDS

Huyo wa gereji nimempenda. Haya, nakubali kuna jambo.

Basi na mimi nitoe langu ambalo limenishinda miaka yote, mnisaidie. Mtoto anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Ninamwambia umekosea. Mwaka juzi mmoja akanijibu mbele ya darasa: "Mwalimu, mbona wewe unajumlisha hivyo?" Nikamwambia wapi? Akafungua daftari. Zoezi la kwanza nimemwandikia 7/10. La pili 8/10. Chini kwa mkono wangu, kwa wino wangu mwekundu: Jumla 15/20.

Nikamwambia akae chini. Ndiyo, nilimwambia akae chini. Sikuwa na jibu la haraka, na darasa zima lilikuwa linanitazama.

#10 Bi Mstaafu wa Korogwe

Wanangu, nimestaafu lakini uzi huu umenitoa jikoni.

Wewe wa KDS, mtoto huyo ungempa zawadi. Tangu darasa la kwanza alama hiyo ya mstari anaiona wapi? Kwenye maksi. Miaka miwili nzima kila siku tunamwandikia 7/10, 4/5, 9/10, naye anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na anapatia! Halafu darasa la tatu tunaingia na alama ileile tunamwambia hapana, leo ukijumlisha hivyo umekosea. Sisi ndio tuliomfundisha.

Tofauti iko kwenye mzima. Maksi 7/10 na 8/10 zina mizima miwili: maswali kumi ya jana na maswali kumi ya leo. Ukiziunganisha mzima unakuwa maswali ishirini. Lakini saba ya kumi ya mkate na nane ya kumi ya mkate, mkate unabaki na ukubwa uleule, haukui. Unapata 15/10, mkate mzima na nusu yake. Muulize mtoto hivi: "Ukila saba ya kumi ya mkate, halafu nane ya kumi ya mkate mwingine kama ule, umekula chini ya mkate mmoja?" 15/20 ni chini ya mmoja. Atacheka mwenyewe.

Mimi miaka yangu ya mwisho niliacha kuandika maksi kwa mstari. Niliandika "7 kati ya 10". Mwalimu mkuu aliuliza mara moja, nikamweleza, hakuuliza tena.

Sasa nije kwa mleta uzi, suala la karatasi. Umeambiwa watoto 94 na dakika 40, ni kweli. Kukunja nusu na robo hakuna taabu. Kukunja tano au saba hata mimi siwezi. Lakini kila mtoto ana daftari la mistari, na daftari la mistari ni kigawio cha bure. Fanya hivi:

Kata ukanda wa karatasi, urefu kama sentimita 12, upana wa vidole viwili. Weka ncha moja ya ukingo wake wa juu juu ya mstari wowote wa daftari. Sasa uinamishe ukanda, mshazari, mpaka ncha ya pili ya ukingo huohuo iguse mstari wa tano kutoka pale ulipoanzia (ule wa kuanzia usiuhesabu). Kila mstari wa katikati unapokutana na ukingo, tia nukta. Nukta nne, vipande vitano, vyote sawa, hakuna rula wala kugawanya. Ukitaka saba, inamisha mpaka mstari wa saba. Mistari ikionekana inakatiza kwa ubapa mno, hesabu nafasi mbili mbili, yaani kwa tano unakwenda mpaka mstari wa kumi na kutia nukta kila mstari wa pili.

Inafanya kazi kwa sababu mistari ya daftari ina nafasi zinazolingana, basi kila kitu kinachoikatiza kwa unyoofu nacho kinakatwa kwa kulingana. Huna haja ya kuwaeleza darasa la tatu hilo. Waache washangae.

Na kuhusu nusu kubwa ya Mama Pili: mama, ungekuwa mwalimu.

#11 MamaPili

Bi mkubwa shikamoo, na asante. Nimejaribu hilo la ukanda sasa hivi kwenye daftari la madeni ya wateja. Limetoka saba kweli.

#12 Ustadh wa Pangani

Assalaam alaykum.

Mleta uzi, umesema humusi na sudusi hujawahi kuzisikia zikitamkwa. Huku pwani watoto wakitoka shule wanakuja chuoni kwetu, na wakubwa wao tunawasomesha mirathi. Kule sudusi na thumni ni maneno ya kila siku. Mafungu yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi.

Angalia mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumni kwa kuwa marehemu ana mtoto. Mama ana sudusi. Kinachobaki ni cha mtoto. Thumni na sudusi hazijumlishiki zilivyo, basi tunatafuta namba inayogawanyika kwa nane na kwa sita. Ni 24. Na namba hiyo sisi tunaiita *asili ya mas-ala*. Neno lilelile, asili. Mke 3, mama 4, mtoto 17. Jumla 24, hakuna shamba lililopotea.

Mzee wa KDS, hiyo ni KDS yako, lakini mwanafunzi wangu hasahau kwa nini anaitafuta: kuna mjane na kuna mama mzee wanasubiri haki yao, na ukikosea utaulizwa.

Kuna mas-ala moja maarufu napenda kuwapa vijana. Mke, binti wawili, mama na baba. Mke thumni, mabinti thuluthi mbili, mama sudusi, baba sudusi. Kwa asili ya 24: 3, 16, 4, 4. Jumlisheni. Inatoka 27! Mafungu yamezidi mali. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa hilo akiwa juu ya mimbari, akajibu bila kusita: thumni yake imekuwa tusui. Maana yake mali inagawanywa mafungu 27 badala ya 24, mke anabaki na 3 zake, na tatu katika ishirini na saba ni moja ya tisa. Kila mmoja anapunguzwa kwa uwiano uleule. Tunaiita *awli*.

Siyo ya darasa la tatu, najua. Lakini mtoto aliyezoea kuambiwa sehemu ni kitu kidogo kuliko kimoja, hebu mwoneshe 27/24 mapema asije akashtuka.

#13 Shemeji wa Voi

Ustadh, shukran. Kumbe akisami zina wenyewe.

Tukiwa hapohapo kwenye Kiarabu, wakumbusheni watoto ushuri na *ushuru* ni ndugu. Ushuru wa forodha ulianza kama moja ya kumi.

#14 Mpita Njia 88

Na sisi wa kanisani tuna *fungu la kumi*. Mleta uzi, hilo nalo lina ugonjwa wa "sehemu ya tatu", ila sijawahi kumwona muumini aliyepanga mafungu kumi kwa mstari akatoa la mwisho. (Au wapo?)

#15 Bi Mstaafu wa Korogwe

Wapo. Linalotoka ni la mwisho na ndilo dogo.

Mwenye thumni, kumbukeni pia sumni. Senti hamsini yetu ya zamani tuliiita sumni, nayo ilikuwa nusu ya shilingi, si moja ya nane. Jina lilirithiwa kutoka fedha kubwa kuliko shilingi. Mzima ukabadilika, jina likabaki. Robo ya saa dakika 15, robo ya kilo gramu 250. Kila ukitaja sehemu, mtoto akuulize "ya nini?" Asipouliza, muulize wewe.

#16 ChakiNaVumbi

Wakuu nimerudi. Siku tisa sijaandika kitu, nilikuwa najaribu mliyonipa. Nitoe ripoti bila kupamba.

Siku ya kwanza: ukanda wa daftari. Vurugu. Watoto 94 na mikasi sita, nikaishia kuwachania mwenyewe. Nusu ya kipindi imekwenda kwenye kuchana. Siku ya pili niliwaambia waje nao kutoka nyumbani, wengi walikuja nao, wengine wameleta wa gazeti, wa boksi, mmoja ameleta ukanda wa kanga wa mama yake (nimemwandikia barua ya kuomba radhi). Tukafanya tano. Kimya kilichotokea zile nukta zilipotoka sawa, sijawahi kukipata darasa hili.

Majina: humusi nimeijaribu, haikushika, wakaanza kucheka kuwa ni kama mgonjwa wa kifua anakohoa. Nikaiacha. Tukakubaliana kuita *katano*. Kipande kimoja cha ukanda uliogawanywa vipande vitano ni katano, cha sita ni kasita, cha nane ni kanane. Katano moja, katano mbili, katano tatu. Wataalamu wa lugha mtanisamehe, najua "ka" hiyo ina ngeli yake, na sitaiandika kwenye andalio la somo. Lakini katano mbili na katano moja wamejibu katano tatu darasa zima, na nilipogeuka kuandika 2/5 + 1/5, waliokosea walikuwa 11. Nimewahesabu. Jumanne ile ya kwanza walikuwa nusu ya darasa.

Kilichonishinda: kamba. Nilifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, sifuri upande huu, moja katikati, mbili upande ule, nikampa mtoto kadi ya 1/2 aitundike kwa kibanio. Akaenda moja kwa moja akaitundika katikati ya moja na mbili. Kwa sababu imeandikwa moja na mbili! Nikampa wa pili, vilevile. Wa tatu. Hakuna aliyeitundika kati ya sifuri na moja. Kwenye ukanda wanajua nusu, kwenye chapati wanajua, kwenye kamba hawaijui. Nikaandika "nusu" kwa maneno upande wa pili wa kadi. Wanne wa mwisho wakapatia.

Mzee wa KDS, sijagusa KDS bado. Ila jana tulikuwa na nusu na robo mezani, nikauliza jumla ni ngapi. Mtoto mmoja akasema "haziitwi jina moja". Akachukua ile nusu, akaikunja. "Sasa robo tatu."

#17 Mzee wa KDS

Hiyo ndiyo KDS, mwalimu. Amekunja KDS.

Haya basi, kwa kuwa umeanza kunivuta, nieleze na hili. Kugawanya. 1/2 gawanya kwa 1/4 jibu ni 2. Mimi nafundisha "geuza ya pili uzidishe", nimeimbisha miaka 19, na kila mwaka kuna mtoto anauliza imekuwaje umegawanya halafu jibu limekuwa kubwa. Unalisemaje hilo kwa mkunjo wa karatasi?

#18 MamaPili

Mwalimu, karatasi ya nini. Nina nusu kilo ya sukari, nafunga vifuko vya robo robo niuze. Napata vifuko vingapi?

#19 Mzee wa KDS

Viwili.

#20 MamaPili

Haya.